Kutoka Nalufenya hadi Mutoto: Nani Huchora Mpaka wa Maneno Mtandaoni?

Utangulizi

Tarehe 11 Januari 2021, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa imeondoa mamia ya akaunti na kurasa zilizokuwa zikiipigia debe serikali. Kesho yake, Rais Yoweri Museveni alilihutubia taifa na kuthibitisha kwamba mitandao ya kijamii imefungwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Katika muda huo mfupi, mamlaka mbili zilichora mpaka wa maneno: moja ikiwa California, nyingine Kampala. Kila moja ilidai kutetea haki. Mkazi wa Jinja au Mbale aliyekuwa na simu mkononi hakuulizwa na yeyote kati yao.

Mjadala kuhusu maadili ya mitandao ya kijamii huendeshwa mara nyingi kana kwamba kuna pande mbili tu. Upande mmoja unataka kila mtu aseme atakacho, na upande mwingine unataka wakubwa waamue kinachofaa. Katika insha hii ninapitia historia ya jambo hili nchini Uganda, nikiangalia zaidi mashariki ya nchi, ili kuonyesha kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Mpaka wa maneno umekuwapo siku zote, na hauna budi kuwapo. Swali la kihistoria ni nani anauchora, na je, anaweza kuulizwa? Nitatumia vipimo vitatu: kanuni ijulikane mapema, anayeadhibiwa apewe sababu, na pawepo mahali pa kukata rufaa.

Mpaka ulikuwapo kabla ya intaneti

Tuanze Mbale. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wamasaaba, hufunguliwa rasmi katika uwanja wa Mutoto ulio pembeni mwa mji. Vijana huzunguka kwa jamaa zao wakicheza ngoma ya kadodi, na umati huwafuata. Katika msimu huo huimbwa nyimbo zenye mizaha mizito na maneno ambayo siku nyingine mtu mzima asingethubutu kuyatamka mbele ya mkwewe. Msimu ukipita, ruhusa hiyo nayo hupita.

Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani kwamba hapo hakuna mpaka wowote. Kwa kweli mpaka upo, na ni wazi kuliko mipaka mingi ya mtandaoni. Unategemea wakati, mahali na mtu. Kila mmoja anaujua kabla ya ngoma kuanza, na wazee wapo palepale. Anayevuka hukemewa na watu anaowafahamu, na anaweza kujitetea mbele yao.

Maneno makali yalitumika pia katika siasa za Uganda muda mrefu kabla ya simu janja. Mwaka 1948 mwanaharakati Semakula Mulumba alikataa hadharani mialiko ya chakula kutoka kwa viongozi wa kikoloni na wa kanisa, akawaeleza kwa lugha isiyo na adabu kwa nini hatakaa nao mezani. Wanahistoria wa miaka ya 1940 wameonyesha kwamba utovu huo wa adabu ulikuwa mbinu. Adabu ya mezani ilikuwa sehemu ya utawala, hivyo kuivunja kulikuwa njia ya kuukataa utawala wenyewe.

Hata hivyo, historia ya kanda yetu haituruhusu kusema kwamba maneno ni maneno tu. Redio ya RTLM ilianza kutangaza nchini Rwanda mwezi Julai 1993. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, ilitumika kuchochea mauaji na hata kuwataja watu wa kuwindwa. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu katika kesi iliyohusu redio hiyo na gazeti la Kangura. Anayesema kwamba chombo cha habari kisiwekewe mpaka wowote anapaswa kwanza kuijibu kesi hiyo.

Kwa hiyo tunayo mambo mawili ya kuanzia. Ukali wa maneno peke yake hauwezi kuwa kosa, kwa sababu wakati mwingine ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Lakini maneno yanayomwelekeza mtu kumdhuru mwenzake ni kosa katika jamii yoyote. Ugumu uko katikati ya hayo mawili.

Sheria inayokufa na kufufuka

Baada ya redio binafsi kuruhusiwa nchini katika miaka ya 1990, vituo vya FM vilifika pia katika miji ya mashariki. Jinja ina Baba FM na NBS FM, Mbale ina Step FM na Open Gate FM. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida aliweza kupiga simu na kusikika wilaya nzima. Kampala kulikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa moja kwa moja na redio.

Septemba 2009 Kabaka wa Buganda alizuiwa kwenda Kayunga, ng'ambo ya Nile ukitazama kutoka upande wa Busoga. Ghasia zilizuka na watu zaidi ya 20 wakauawa. Serikali ilivifunga vituo vinne vya redio na kupiga marufuku ebimeeza. Kituo cha CBS kilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Tukitumia vipimo vyetu, tunaona kwamba adhabu ilitangulia kesi. Waliofungiwa redio hawakuwa watangazaji peke yao, bali pia maelfu ya wasikilizaji ambao hawakushtakiwa kwa lolote.

Wakati huohuo mahakama zilikuwa zikienda njia nyingine. Februari 2004, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kosa la kuchapisha habari za uongo lilikiuka Katiba, katika shauri la wanahabari Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda. Agosti 2010, Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha uchochezi, katika shauri lililotokana na mashtaka dhidi ya Mwenda kuhusu kipindi chake cha redio. Sheria mbili za asili ya kikoloni zilikuwa zimekufa.

Lakini muda mfupi tu baadaye, ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kifungu cha 25 kilifanya kuwa kosa kutumia mawasiliano ya kielektroniki kuvuruga amani, utulivu au faragha ya mtu. Je, utulivu wa mtu huvurugwa wapi? Kwa utani? Kwa ukosoaji? Kwa picha ya kuchekesha? Sheria haikusema. Stella Nyanzi, mtafiti wa Makerere aliyejulikana kwa maandishi yake makali kwenye Facebook, alishtakiwa chini ya sheria hiyo. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa unyanyasaji wa mtandaoni, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikaibatilisha hukumu hiyo.

Tarehe 10 Januari 2023, Mahakama ya Katiba ilitangaza kuwa kifungu cha 25 ni batili. Sababu yake ndiyo kiini cha hoja yangu. Kifungu kilikuwa na maneno yasiyo na ukomo, hivyo raia hakuweza kujua mapema ni tendo gani hasa limekatazwa. Mahakama haikusema kwamba kutukanana ni jambo jema. Ilisema kwamba mpaka usioonekana si mpaka.

Ushindi huo ulikuja umechelewa. Miezi mitatu kabla, Oktoba 2022, Rais alikuwa ametia saini marekebisho ya sheria hiyohiyo yaliyoleta makosa mapya, yakiwamo kusambaza habari zenye nia mbaya na habari zisizoombwa. Julai 2024, mahakama ya Entebbe ilimhukumu kijana wa miaka 24 kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok zilizomhusu Rais na familia yake. Mtiririko huu unaonyesha kwamba kosa lilelile limekuwa likibadilishiwa jina. Habari za uongo zilikufa mwaka 2004, uchochezi mwaka 2010, mawasiliano ya kuudhi mwaka 2023, na kila mara jina jipya lilikuwa limekwisha kupatikana au lilipatikana baada ya muda mfupi.

Siku mbili za Novemba na tatu za Januari

Hadi hapa nimezungumzia dola peke yake. Uchaguzi wa 2021 ulileta mwamuzi wa pili, na kisa chenyewe kilianzia Busoga.

Tarehe 18 Novemba 2020, mgombea urais Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alikamatwa wilayani Luuka kwa madai ya kuvunja masharti ya korona katika kampeni. Alipelekwa katika kituo cha polisi cha Nalufenya, Jinja. Maandamano yalienea Kampala na miji mingine, na katika siku mbili watu 54 waliuawa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Tarehe 20 mahakama ya Iganga ilimpa dhamana.

Wengi wetu tulizijua habari hizo kupitia simu kabla ya kuzisikia redioni. Lakini katika mkondo huohuo kulikuwa na akaunti zilizoeneza ujumbe unaofanana, zikiwaita waandamanaji wahuni na kudai kwamba picha za majeruhi zilikuwa za zamani. Watafiti wa maabara ya DFRLab walizifuatilia akaunti hizo na kuchapisha ripoti mapema Januari. Siku chache baadaye Facebook ilisema kwamba mtandao huo ulikuwa na uhusiano na kituo cha mawasiliano kati ya serikali na wananchi kilicho chini ya Wizara ya Teknolojia ya Habari, na kwamba ulitumia akaunti bandia na za kurudufu ili ujumbe uonekane kupendwa na watu wengi kuliko ilivyokuwa kweli.

Kwa maoni yangu kosa hilo lilikuwa la kweli. Mtu mmoja anayejifanya watu 50 anapunguza thamani ya sauti za wale 50 walio halisi. Pia kanuni ya kampuni ilikuwa imeandikwa tangu awali, na akaunti hazikuondolewa kwa sababu ya maoni yake bali kwa sababu ya udanganyifu. Katika kipimo cha kwanza, Facebook ilifaulu kuliko Kifungu cha 25.

Lakini tusiipite haraka hoja ya Rais. Alisema kwamba mtandao ukitaka kufanya kazi Uganda utumiwe na kila mtu kwa usawa, na kwamba kampuni ya kigeni haiwezi kuja kutuamulia nani mwema na nani mbaya. Hoja hiyo ina uzito. Kampuni ilikuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja, siku tatu kabla ya kura. Mwenye akaunti aliyedhani ameonewa hakuwa na mahakama ya kwenda Jinja, Mbale wala Kampala.

Tatizo la serikali lilikuwa jibu lake. Ilikuwa na ugomvi na kampuni, ikawafungia wananchi. Intaneti ilirudi tarehe 18 Januari na mitandao mingine ikafunguliwa Februari, lakini Facebook iliachwa imefungwa. Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi wa awamu iliyotangulia, Tume ya Mawasiliano iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu.

Anayelipa

Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Katika barua yake ya Machi mwaka huo, Rais alikuwa ameeleza kwamba mitandao hiyo inatumiwa kwa lugambo, yaani umbea. Hiyo pia ilikuwa njia ya kuchora mpaka, ila kwa kutumia bei. Shilingi 200 si kitu kwa afisa wa Kampala, lakini kwa muuza nyanya ni faida ya fungu zima. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilijaza mito ya Nabuyonga na Namatala, na mafuriko yakaua watu Mbale. Wakati huo Facebook ilikuwa imefungwa kwa mwaka mmoja na nusu. Waliojua kutumia VPN waliendelea, wasiojua walibaki nje. Katika maafa, watu hutafuta jamaa zao, huulizana barabara gani inapitika, huomba msaada. Hapohapo huzuka pia maswali magumu ya maadili: je, picha ya maiti isambazwe kabla familia haijaarifiwa? Maswali kama hayo yanahitaji mpaka mwembamba, unaotofautisha ujumbe na ujumbe. Kufuli la nchi nzima haliwezi kutofautisha. Linamzuia anayetafuta mtoto wake pamoja na anayetafuta umaarufu.

Mezani Nairobi

Je, ule mpaka mwembamba unachorwaje? Watu wengi hudhani kwamba mashine peke yake ndiyo inayofuta machapisho. Mashine hufanya sehemu kubwa, lakini yanayotatanisha hupelekwa kwa binadamu. Kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu ya kazi hiyo kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ilifanyika Nairobi, katika kampuni ya Sama iliyofanya kazi kwa niaba ya Facebook.

Februari 2022 gazeti la TIME liliripoti kwamba baadhi ya wasimamizi hao wa maudhui walilipwa kiasi cha dola 1.50 hivi kwa saa, huku wakitazama siku nzima video za mauaji na ubakaji. Mei mwaka huo Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hiyo, alizishtaki kampuni hizo mahakamani Kenya. Mwaka 2023 wenzake zaidi ya 180 walifungua shauri lao. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliikatalia. Mwaka huohuo, taarifa za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kwamba wafanyakazi zaidi ya 140 walikuwa na maradhi ya kiakili yanayotokana na kiwewe.

Kesi hizo ni za haki za wafanyakazi, lakini zinatuhusu. Anayetuchorea mpaka ni kijana kama sisi, amechoka, ana sekunde chache za kuamua, na huenda hajawahi kufika Mbale. Chukua neno lirima la Lumasaaba. Linataja hasira kali inayomtoka mtu kifuani, na katika imbalu ndiyo nguvu inayomwezesha kijana kusimama mbele ya kisu bila kutikisika. Asiyejua muktadha akiliona chini ya video ya kijana aliyepakwa unga wa mtama, mbele yake pana kisu na damu, ataona nini? Ukatili dhidi ya mtoto? Uchi? Au siku ya heshima kubwa katika ukoo? Uganda ina lugha zaidi ya 40, na kila moja ina maneno ya namna hiyo.

Kuna upande wa pili pia. Kijana wa Mutoto alikubali kutazamwa na jamaa, majirani na wageni waliokuja. Hakukubali kutazamwa na dunia nzima kwa miaka 20 ijayo, mwili wake ukigeuzwa kichekesho na watu wasiojua kadodi ni nini. Kanuni ya kampuni inayokataza picha za uchi inaweza kumlinda hapo, hata kama haikutungwa kwa ajili yake. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mila ishinde daima au kanuni ishinde daima. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi ukifanywa bila mtu hata mmoja anayeijua imbalu, utakuwa sahihi kwa bahati tu.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia ina waamuzi wanne: wazee wa jamii, dola, mahakama na kampuni. Wazee wa Mutoto walipita vipimo vyote vitatu, lakini mamlaka yao huishia pale ngoma inaposikika. Dola imechora mpaka mara nyingi kwa kufuli, kwa kodi na kwa maneno ya sheria yasiyo na ukomo. Kampuni ina kanuni zilizoandikwa, lakini rufaa yake iko mbali na mara nyingi haina sura ya mtu. Mahakama ndizo zilizosema wazi zaidi kwamba anayetaka kumwadhibu mtu kwa maneno yake aonyeshe kwanza mstari ulipo. Kanuni hiyo ilielekezwa kwa Bunge mwaka 2023, lakini uamuzi wa Nairobi wa 2024 unaonyesha kwamba kampuni nazo zinaweza kuitwa mbele ya hakimu wa Afrika Mashariki.

Kutokana na hayo napendekeza mambo mawili. Kwanza, vifungu vilivyoletwa mwaka 2022 vipimwe kwa kipimo kilekile kilichokiangusha Kifungu cha 25. Pili, kampuni zinazopata faida kwa watumiaji wa Uganda ziwe na watu wanaozijua lugha zetu, wanaolipwa vizuri na kutunzwa afya zao, na mtumiaji aweze kukata rufaa na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. Kiswahili, ambacho Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Mwisho, tusisubiri California wala Kampala kwa kila jambo. Karibu kila mmoja wetu anaendesha kundi la WhatsApp la darasa, la kanisa, la msikiti au la ukoo. Tunafuta ujumbe na kuwaondoa watu, na mara nyingi hatusemi kwa nini. Aliyeondolewa leo jioni aliijua kanuni? Aliambiwa sababu? Ana wa kumlalamikia? Tukishindwa kuyajibu maswali hayo katika kundi la watu 60 tunaofahamiana, tutayadai kwa uso gani kwa wenye mabilioni ya watumiaji?